Alama Kwenye Mbuyu

Wanyama wa ukingo wa mto Simiyu walikuwa na ghala moja na ngitili moja. Ghala lilitunza mtama wa mwaka ambao mvua ingegoma. Ngitili lilikuwa pori la majani lililofungwa tangu masika, lisikanyagwe na mnyama yeyote mpaka kiangazi kibane, na siku ya kulifungua waliotangulia kuingia ni wazee, wagonjwa na wenye kunyonyesha. Aliyekulia Bariadi hahitaji kuelezwa ngitili. Asiyekulia huku ajue tu kwamba Wasukuma waliweka akiba ya malisho kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliodhoofika, miaka mingi kabla maneno "hifadhi ya jamii" hayajaandikwa kwenye karatasi ya serikali.

Lakini ghala halijazwi na upepo. Siku za mwanzo kila mnyama alitoa pishi moja ya mtama kwa mwaka, awe tembo, awe digidigi. Pishi ya Tembo ilikuwa kile kinachomdondoka mdomoni akila asubuhi. Pishi ya Kanga ilikuwa chakula cha vifaranga cha wiki mbili. Msimu wa makusanyo ulipofika, mbwa mwitu walitumwa kupita nyumba kwa nyumba, na wanyama wadogo wakahamia porini kulala. Mwaka mmoja bibi yake Kanga alitagia kwenye miiba kwa kukimbia makusanyo, na asubuhi akakuta nyoka amekula mayai mawili.

Wazee wa Itilima na Maswa wanaijua hadithi hiyo bila wanyama. Kodi ya kichwa, ambayo baadaye ilivikwa jina la kodi ya maendeleo, ilimdai mtu kwa sababu ni mtu mzima na yuko hai. Hakuna aliyeulizwa amevuna nini. Mgambo walipopita, wanaume waliamkia vichakani na wake zao wakasema hawajui walikokwenda. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Ninaanza nayo kwa sababu kuna swali ambalo haikuwahi kumuuliza mlipaji, na kila kitakachofuata hapa kinalihusu: una kiasi gani, na ukishakula kinabaki kiasi gani?

Twiga ndiye aliyeuliza swali hilo kijijini. Aliitisha mkutano chini ya mbuyu, akasema kuanzia sasa kila mnyama atamwaga mapato yake ya mwezi kwenye shina. Akainua kwato akakwaruza gome, ukatokea mstari mweupe. Lundo likivuka mstari, mwenyewe atatoa sehemu ya kile kilichozidi tu. Lundo likibaki chini ya mstari, atalibeba lote arudi nalo nyumbani, hana deni na hainamishi uso mbele ya mtu.

Wanyama walishangilia mpaka vumbi likapanda. Ningekuwapo ningeshangilia nao. Mstari ule ni kati ya mambo ya haki kabisa ambayo kijiji kinaweza kuyachonga, maana unatamka kwamba kile kinachomweka mtu hai si mali ya ghala.

Kwetu sisi Tanzania Bara mstari huo unasomeka shilingi 270,000. Mshahara wa mwezi usiozidi hapo haukatwi kodi. Zamani ulikuwa 170,000, ukapandishwa mwaka wa fedha 2020/21. Kinachozidi hapo mpaka 520,000 hukatwa asilimia 8, ambayo ilishushwa kutoka 9 mwaka 2021, kisha ngazi zinapanda mpaka asilimia 30 kwa kile kinachovuka milioni 1. Lipa Kadiri Upatavyo, ndivyo inavyoitwa, na jina hilo limebeba maana yake yote. Tazama upole wake: anayepata 271,000 amevuka mstari kwa 1,000, anakatwa shilingi 80. Hakuna anayelala tajiri akaamka maskini kwa sababu ya kuvuka alama hiyo. Naomba msomaji aishike hesabu hiyo ya shilingi 80, tutaihitaji mbele.

Sasa gome la mbuyu lina tabia yake. Mbuyu hunenepa, lakini mstari uliochongwa kwenye shina haupandi. Miaka ilipita, mstari ukabaki pale pale ulipochongwa, huku mtama ukipungua nguvu. Pishi iliyokuwa inatosha siku nne ikawa inatosha tatu. Punda, aliyekuwa akimbebea Ngiri maji kutoka mtoni, aliomba aongezwe ujira, na Ngiri akamwongeza kwa sababu punda mwenye njaa hafiki na ndoo. Mwisho wa mwezi Punda akamwaga lundo lake, na kwa mara ya kwanza maishani lilivuka mstari. Hakuwa amenenepa. Mbavu zake zilihesabika kama zamani. Ila Korongo, karani wa ghala, alichota juu ya lundo, akaandika.

Sherehe za Mei Mosi mwaka 2025, zilizofanyika Singida, zilitoa habari njema kwa watumishi wa umma: kima cha chini cha mshahara kingepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Mhudumu wa ofisi pale Bariadi aliyepata nyongeza hiyo aliistahili kila senti. Mchango wake wa pensheni wa asilimia 5 ukitolewa, inabaki 475,000 ya kutozwa kodi, na kwa mstari wa 270,000 anakatwa 16,400 kila mwezi. Hiyo ni kodi ya mtu wa ngazi ya chini kabisa katika utumishi wa umma. Mstari uliochongwa kumlinda wa chini umembakiza wa chini upande wa wanaokatwa, na nyongeza ya mshahara haiwezi kuufukuzia mstari ambao wenyewe hauendi popote.

Punda hakuujua mstari hivyo. Alijua tu kwamba anakatwa, na alipogeuka nyuma alimwona Kanga akipita na kapu lake bila kusimama mbuyuni. Ndivyo chuki ndogo ndogo za kijiji zinavyozaliwa. Aliyevuka mstari kwa kidole hamtazami aliye mbali juu yake. Humtazama aliyebaki hatua moja chini.

"Mwangaluka, mayu Kanga," alimsalimia siku moja, na salamu ilikuwa na mwiba ndani. "Wenzako tunalijaza ghala, wewe unapita tu."

Kanga aliitikia, akaenda zake. Kanga hakuwa na lundo. Punda alilipwa mara moja, mwisho wa mwezi, mtama ukamwagwa ukaonekana. Kanga alipata kwa mdomo: punje tatu shambani alfajiri, choroko mbili njiani, konzi ya dengu baada ya kulima kwa jirani, na pamba yake mwenyewe, mara moja kwa mwaka. Mstari wa mbuyu ulikuwa wa wale wanaoletewa riziki ikiwa nzima. Kwake haukuwa na maana yoyote, wala ya kumkata wala ya kumkinga.

Na hapo ndipo naomba tusimame kidogo, tutazame jinsi ghala lilivyojazwa.

Mstari ulipochongwa, mtama uliotoka mbuyuni haukutosha. Wanyama wenye malundo walikuwa wachache. Basi Twiga, kwa nia njema kabisa, aliweka vituo vingine. Kimoja kilikuwa kwenye jiwe la mizani. Kingine kilikuwa kivukoni. Kingine kilikuwa kwenye mti wa Kunguru, aliyekuwa akibeba mtama angani kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Kila kituo kilikaa Nguchiro mmoja na kibaba chake, na katika vituo vyote hivyo hakuna aliyekumbuka kuchonga mstari.

Kanga hakujua kuandika. Siku Nguchiro wa mizani alipomchotea kibaba cha kwanza, aliokota kokoto moja njiani, akaitia ndani ya kibuyu kilichopasuka shingo alichokuwa amekitupa nyuma ya kiota. Hakuwa na shauri lolote. Alitaka tu asisahau.

Jiwe la mizani msomaji wa Simiyu amelisimamia mwenyewe. Msimu wa pamba, kwenye ghala la chama cha msingi, wanawake wanakaa juu ya marobota yao tangu saa 12 asubuhi. Nyuzi za pamba zimewaganda kwenye nywele za mikono, na kwenye kope. Wameshaipekua usiku, punje moja moja, kutoa majani na pamba fifi, kwa sababu punje moja ya mchanga inaweza kuwashushia daraja. Mtu anaitwa, shuka lake linatundikwa kwenye ndoano, mshale unatetemeka, na macho ya mwenye mali hayamtazami mpimaji bali mshale. Unapotulia, anatamka kilo kimoyomoyo kabla hazijatajwa.

Mchukue mama aliyepata kilo 400 mwaka 2019, wakati bei elekezi ilikuwa 1,200 kwa kilo. Ni 480,000. Ndani ya fedha hiyo kuna mbegu, dawa ya kunyunyizia, vibarua wa palizi, na miezi aliyoinama. Hata tukiacha gharama zote, ukiigawa kwa miezi 12 ni 40,000 kwa mwezi. Halmashauri ilitoza ushuru wa mazao, asilimia 3 kwa mazao ya biashara: 14,400. Sheria inasema mlipaji ni mnunuzi, na ni kweli stakabadhi huandikwa jina lake. Lakini mnunuzi anajua hesabu. Anapopanga bei atakayompa mkulima, ushuru umeshakaa ndani yake.

Aliyeajiriwa leo kwa 270,000 kwa mwezi anapata 3,240,000 kwa mwaka na halipi kodi ya mshahara hata senti moja, na sitaki alipe. Mama wa pamba amepata karibu sehemu moja ya saba ya hiyo, na amechangia 14,400. Wa kwanza ana mstari unaomkinga. Wa pili hana. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kwamba iwe hivyo. Imetokea tu kwa sababu mstari ulichongwa kwenye mti mmoja na mizani ikafungwa kwenye mti mwingine. Mwaka 2019 wenyewe ulikuwa mgumu zaidi ya hesabu hii, maana wakulima wengi walipima pamba wakakaa miezi wakisubiri malipo, na deni la dukani halisubiri.

Nguchiro wa kivukoni alichota pale Kanga alipokwenda kununua chumvi na sabuni. Nguchiro wa Kunguru alichota pale bintiye, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, alipomtumia mama konzi ya mtama kwa ajili ya dawa. Hilo la mwisho lilimuuma Kanga kuliko yote, akatia kokoto mbili.

Nami linaniuma. Mche wa sabuni unaonunuliwa Nyakabindi au Lamadi umetoka kiwandani na asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani imo ndani yake, kwa tajiri na kwa maskini. Mpangaji wa chumba kimoja mjini anayenunua umeme wa LUKU anaweza kukuta kodi ya jengo la mwenye nyumba imekatwa kwenye fedha yake. Utaratibu huo ulianza Agosti 2021 kwa 1,000 kwa mwezi. Hayo yamezoeleka. Lakini tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iligusa kitu kingine. Kijana anayefanya kazi Mwanza na kumtumia mama yake 20,000 kijijini anafanya kazi ya ghala. Anafanya kile ambacho ngitili lilifanya. Kumtoza yeye ni kuitoza huruma yenyewe, ikiwa njiani. Watu walilia, na walisikilizwa kwa awamu: Septemba 2021 tozo ikashushwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha. Ninalitaja hili kwa heshima. Serikali iliyosikia mara moja inaweza kusikia tena.

Kiangazi kirefu kikaja. Ghala likafunguliwa, na Twiga akasema kaya dhaifu zitajwe hadharani ili zisaidiwe. Jina la Kanga likatajwa. Si jambo jepesi kusimama mbele ya majirani wakati umaskini wako unapigiwa kura ya mikono, lakini alisimama. Korongo akaja kuhakiki: akatazama kiota hakina paa, akahesabu vifaranga, akaandika. Kila baada ya miezi miwili Kanga akawa anapokea vibaba kadhaa, kwa sharti kwamba vifaranga wakubwa waende kwa Kobe kusoma na wadogo wapelekwe kupimwa uzito. Kwa kila kibaba alichopokea, Kanga alitia mbegu moja ya ubuyu kwenye kibuyu cha pili.

Msaada ule ulisaidia. Nisieleweke vibaya hapa. Kifaranga wa mwisho, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kulegea, alisimama. Mkubwa alijifunza kuhesabu mpaka 100. Mpango wa kunusuru kaya masikini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulizinduliwa Agosti 2012 na kufika kwenye vijiji ambavyo havikuwahi kuiona fedha ya serikali ikija, ila ikiondoka tu. Ruzuku ya msingi ilianza kwa 10,000 kwa mwezi, ikaongezwa kwa kaya zenye watoto wanaopelekwa kliniki na wanafunzi wanaohudhuria angalau asilimia 80 ya siku za shule. Wenye nguvu walipewa ajira za muda kwa ujira wa 2,300 kwa siku, wakachimba malambo ambayo leo ng'ombe wanakunywa humo. Mwanamke aliyepokea fedha mkononi mwake, kwa jina lake, kwa mara ya kwanza maishani, anajua uzito wake kuliko mimi ninayeandika.

Lakini Kanga alikuwa na akili ya kuweka. Kila alipopokea alibakiza punje chache, na mwaka wa pili alizibadilisha kwa udongo na nyasi, akaezeka kiota. Paa dogo, la kuzuia mvua isiwapige vifaranga. Korongo alipopita kuhakiki tena aliona paa, akakata jina. Mwezi uliofuata Kanga alikwenda ghalani na kapu, akarudi nalo.

Jirani yake Kwale aliyaona yote. Usiku ule ule, kabla Korongo hajafika upande wake, alipanda juu ya kiota chake akalibomoa paa lake mwenyewe kwa makucha, huku watoto wakimtazama kutoka ndani.

Sasa turudi kwenye zile shilingi 80. Mwenye mshahara akivuka mstari kwa 1,000, anapoteza 80 na kubaki na 920. Kaya inayovuka mstari wa msaada kwa paa moja au mbuzi mmoja, ikiondolewa orodhani, inapoteza vyote. Nchi ile ile, hazina ile ile, mistari miwili: mmoja umechongwa kama mteremko, mwingine kama genge. Mteremko amepewa aliye na pa kushikilia. Genge amepewa aliyebeba mtoto mgongoni. Ndiyo maana bati linaegemezwa ukutani bila kupigiliwa, na mbuzi analala kwa shemeji mpaka dodoso lipite, na tunawaita waongo watu ambao wamesoma tu kanuni yetu wakaielewa vizuri kuliko sisi tulioiandika.

Siku zile Membe alipita kutoka pwani, akatua mbuyuni kupumzika. Alisema huko visiwani kila mnyama aliyezeeka hupewa kibaba chake cha mwezi, na hakuna anayechungulia kiotani mwake.

"Hata akiwa na paa?" Kwale aliuliza.

"Hata akiwa na paa. Wanahesabu miaka yake tu."

Membe hakuwa akisimulia ndoto. Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, 20,000 kwa mwezi kwa kila mkazi mzee aliyefikisha miaka 70, bila kumpima umaskini. Fedha haikuwa kubwa. Lakini mzee wa Makunduchi anayenunua kiti kipya haogopi kwamba kiti hicho kitamnyima dawa mwezi ujao.

Msimu wa mkutano mkuu ukafika. Ghala lilikuwa limepungua, na Twiga akauliza nani ana shauri. Punda alisimama. Sauti yake ilikuwa ya mnyama aliyechoka kweli, na sina neno baya juu yake. Alisema yeye anabeba maji alfajiri mpaka jioni, anakatwa kila mwezi, na wapo wasiokatwa chochote ambao bado wanaandikwa majina wapewe. Ghala litajaaje? Wengi walinguruma kukubali, hata baadhi ya wadogo, kwa sababu neno likirudiwa mara nyingi hata linayemsema hulisadiki.

Kanga akaondoka mkutanoni. Wakadhani ameona haya. Alirudi akiburuta vibuyu viwili kwa zamu, kimoja hatua kumi, kisha kingine hatua kumi, mpaka shinani.

"Baba Twiga," alisema, "mimi sina lundo la kumwaga hapa. Sijawahi kuwa nalo. Nimeleta hivi."

Akainamisha kimoja, mbegu za ubuyu zikamwagika, nyeusi, upande wa kulia wa shina. "Hizi nilipokea." Akainamisha kingine. Kokoto zilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotarajia, zikaviringika mpaka kwenye kwato za Punda. "Hizi walinichotea. Mizani. Kivuko. Kunguru. Zile mbili zilizoshikana kwa tope ni za siku mwanangu aliponitumia mtama wa dawa."

Mkutano ulinyamaza. Punda aliinamisha shingo akanusa kokoto moja, akaitambua. Ilikuwa ya njia ya mtoni, anakopita yeye na ndoo za Ngiri. Naye kivukoni huchotewa kila anapokwenda kununua chumvi, ila hakuwahi kufikiri kwamba hilo nalo linaitwa kutoa.

"Lipi kubwa?" Korongo aliuliza.

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa malundo yale mawili hayakuwahi kuwekwa pamoja. Daftari la Korongo lilikuwa na kurasa za waliokatwa mbuyuni na kurasa za waliosaidiwa. Halikuwa na ukurasa wa kokoto. Na daftari letu halina tofauti kubwa. Tunajua kaya ngapi ziko kwenye mpango, tunajua mishahara mingapi imekatwa, lakini mama mmoja wa Meatu, kwa mwaka mmoja, ametoa kiasi gani kupitia pamba, sabuni, simu na mafuta ya taa, na amepokea kiasi gani? Mjadala wetu wote kuhusu nani anambeba nani unaendeshwa bila ukurasa huo.

Kuchonga mstari kwenye mizani kunawezekana. Mwaka 2017, ushuru wa mazao ya biashara uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, mkulima aliruhusiwa pia kusafirisha mazao yasiyozidi tani 1 kutoka halmashauri moja hadi nyingine bila kutozwa. Huo ni mstari. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato. Huo nao ni mstari. Tunajua kuchonga. Kilo kadhaa za kwanza za pamba ya kila kaya zingeweza kupita kwenye mizani bila kuguswa, kama zinavyopita shilingi 270,000 za kwanza za mwenye mshahara, na halmashauri zikafidiwa ili zahanati zisikose dawa. Mwenye ruzuku aliyenunua mbuzi angeweza kupunguziwa kidogo kidogo, asikatwe siku moja. Haya yana gharama, najua. Yasipofanywa pia yana gharama, ila hiyo inalipwa na Kwale, usiku, kwa makucha yake.

Twiga alitazama chini. Kutoka kule juu kichwa chake kilipo, malundo yalionekana kama madoa mawili, moja jeusi, moja la kijivu, na hakuweza kusema lipi ni lipi. Alikuwa mnyama wa kuona mbali. Alikuwa ameona ukame kabla haujafika, ameona moto upande wa Serengeti, ameona mvua ikiwa bado ziwani. Kilichokuwa kwenye miguu yake mwenyewe hakuwahi kukiona.

Twiga akitaka kufika chini hana budi kuipanua miguu ya mbele, mmoja huku na mwingine kule, ashushe kifua, ndipo shingo ifike. Ni mkao wa hatari. Huufanya hasa akinywa maji, tena baada ya kutazama pande zote, kwa kuwa akiwa hivyo hawezi kukimbia. Wanyama walimtazama akiupanua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, magoti yakitetemeka, mpaka pua yake ikagusa kokoto.

Akaanza kuhesabu. Moja. Mbili.

Alipofika 60 alisikia mburuzo, akainua jicho bila kuinua kichwa. Nyuma ya Kanga alikuwa Kwale na kibuyu. Nyuma ya Kwale alikuwa Nungunungu, kisha Kicheche, kisha Sungura na wanawe watatu, kila mmoja na kitu cha kubebea, na mstari wao ulishuka kichakani mpaka usionekane mwisho.

"Wamebaki wengi?" aliuliza.

"Digidigi bado yuko kivukoni," alijibu Kwale. "Nguchiro amemsimamisha, anampimia kokoto."